Kupima shina la aota kwa CT kwa mgonjwa wa Marfan, hatua kwa hatua

Mwezi uliopita mama mmoja alitoka Pangani na kijana wake wa miaka 22 akaja hapa Tanga mjini na bahasha mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa na majibu ya CT: shina la aota, yaani mwanzo wa mshipa mkuu utokao moyoni, milimita 46. Ya pili ilikuwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya mwezi huohuo: milimita 42. Familia ilishaanza kuzungumza kuuza kipande cha shamba la minazi ili wapate fedha za upasuaji. Akaniuliza, "Daktari, sasa tushike lipi?"

Nilikaa na picha zake jioni nzima. Nilipomaliza, CT ileile iliyosomwa 46 ilinipa 41. Aota haikuwa imebadilika, ila kipimo cha kwanza kilichukuliwa kwenye mkato uliopita mshazari. Nimeandika ninavyofanya kwa ajili ya wenzangu wa radiolojia na wa eko, maana kwa mgonjwa wa Marfan, ugonjwa wa kurithi unaolegeza tishu za mwili na kuweza kutanua aota, milimita 5 zinaweza kumpeleka mtu kwenye kisu kabla ya wakati, au kumchelewesha.

Hatua ya 1: Mjue mgonjwa kabla ya picha

Pima urefu na uzito mwenyewe, usiandike alichokutajia. Bila urefu na uzito huwezi kupata Z, yaani umbali wa kipimo chake kutoka wastani wa watu wa umri na umbo lake. Kijana wa Pangani alikuwa na lenzi ya jicho iliyohama. Kwa vigezo vya Ghent vilivyorekebishwa mwaka 2010, lenzi iliyohama pamoja na shina la aota lenye Z ya 2 au zaidi vinatosha kusema ni Marfan, hata kama hakuna mwingine kwenye ukoo.

Mwambie afungue kinywa. Kimio kilichogawanyika pacha, na macho yaliyoachana sana, vikuelekeze kufikiria Loeys-Dietz, ugonjwa mwingine wa kurithi unaofanana na Marfan, na hapo mpango wa picha unabadilika (hatua ya 5).

Hatua ya 2: Eko kwanza

Eko ndiyo inayoanza siku zote. Kwa mtu mzima, pima mwisho wa diastoli (moyo unapolegea), kutoka ukingo wa juu wa ukuta wa karibu hadi ukingo wa juu wa ukuta wa mbali. Kwa watoto desturi ni tofauti: ndani kwa ndani, katikati ya sistoli (moyo unapojikaza). Andika umetumia ipi.

Hatua ya 3: Kupiga CT

Usipige CT ya shina la aota bila kuifunga na ECG, yaani kuoanisha picha na mapigo ya moyo. Shina linaruka kwa kila pigo la moyo, na picha isiyofungwa inaonyesha ukuta mara mbili, kama ngozi iliyochanika ndani. Nimewahi kuona mgonjwa mzima akikimbizwa usiku kwa "mpasuko" ambao ulikuwa mtikisiko wa moyo tu.

Kanula iwe mkono wa kulia. Ukichoma kushoto, kontrasti nzito (dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha) hupita kwenye mshipa unaokatiza mbele ya matawi ya upinde na kuacha michirizi. Angalia kreatinini, kipimo cha figo. Pima kwenye diastoli, karibu asilimia 70 ya nafasi kati ya mapigo mawili. Mwambie fundi wa mashine ahifadhi mikato ya milimita 1 au pungufu. Mikato ya milimita 5 haifai kwa kazi inayofuata.

Hatua ya 4: Kuunyoosha mkato

Hapa ndipo nilipopoteza saa nyingi nilipoanza. Siku moja nilipima shina la mgonjwa mmoja mara tatu, picha ileile, nikapata 39, 43 na 41.

Chukua mhogo na kisu. Ukikata ukiwa umenyoosha kisu, unapata duara. Ukikata mshazari, unapata yai, na yai hilo lina upande mrefu kuliko unene wa mhogo. Shina la aota halisimami wima kifuani. Limelala kuelekea kulia na mbele. Mikato ya kawaida ya CT inapita mlalo, kwa hiyo inalikata shina mshazari. Aota ya milimita 40 iliyoinama nyuzi 30, ukiipima upande mrefu wa yai, inasoma 46. Kwa kijana wetu, mwinamo wa nyuzi 27 hivi unatosha kugeuza 41 kuwa 46.

Mimi natumia 3D Slicer. Ni ya bure na haihitaji leseni kila mwaka. Kumbuka tu kwamba ni programu ya utafiti, kwa hiyo namba ya mwisho isainiwe na daktari wa radiolojia kwenye mashine ya kituo. Horos nayo ni nzuri kwa mwenye Mac. Ninachokataa ni kupima kwenye picha zilizochapishwa kwenye filamu, au zilizotumwa WhatsApp. Omba faili zenyewe za DICOM (picha asili za mashine), na uombe zije kwenye flashi, kwa sababu CD iliyosafiri na basi kupitia Segera mara nyingi hufika imekwaruzika.

Fungua madirisha matatu, washa mistari ya makutano, ruhusu izungushwe. Kisha:

Weka makutano ya mistari katikati kabisa ya vali ya aota, kabla hujazungusha chochote. Mistari huzunguka pale inapokutana. Ukianza na makutano yaliyo pembeni, kila unapozungusha shina linakimbia nje ya dirisha, unalifuata, unazungusha tena, na mwisho hujui umefika wapi. Hili peke yake ndilo lililonila mchana mzima.

Kwenye dirisha la mbele, zungusha mstari ufuate urefu wa shina. Nenda dirisha la ubavuni, fanya hivyohivyo. Sasa rudi la mbele, utakuta mstari umeteleza kidogo. Rekebisha, rudi la ubavuni, rekebisha tena. Mara mbili au tatu inatosha.

Dirisha la tatu sasa linakuonyesha mkato uliosimama sawasawa na shina. Ukiwa sahihi, vifuko vitatu vya Valsalva, yaani mibinuko ya shina juu ya vali, vinatokea kwa pamoja kama ua la petali tatu zinazokaribiana ukubwa. Ukiona petali mbili kubwa na moja imefifia, bado mshazari. Panda na ushuke polepole, simama pale ua ni pana kuliko kote.

Punguza ukali wa mwanga. Kontrasti inayong'aa sana hufanya ukuta uonekane umesogea nje, na milimita 1 au 2 huongezeka bila wewe kujua.

Kisha pima ndani kwa ndani, bila ukuta. Hapa napo pana mtego. Kuna watu wanapima kutoka kilele cha kifuko hadi kilele cha kifuko kingine, na kuna wanaopima kutoka kilele hadi pembe iliyo mkabala, pale vifuko viwili vinapokutana. Namna ya kwanza kwa kawaida hutoa namba kubwa kwa milimita 2 hivi. Mimi naandika namba zote tatu za kilele kwa kilele, naripoti iliyo kubwa, na nataja namna niliyotumia. Kijana alikuwa na 41, 40 na 40.

Kuhusu kipimo ambacho mashine hujitolea yenyewe: kwenye aota inayopanda na aota inayoshuka nakiamini. Kwenye shina sikiamini hata kidogo, kwa sababu shina si bomba, na mstari wa kati wa mashine hupotea kwenye vifuko.

Ukimaliza shina, usihamishe mkato uleule kwenda juu. Aota inapinda. Kwa kila kiwango nyoosha upya: pale vifuko vinapoishia, katikati ya aota inayopanda, upinde, inayoshuka, na kwenye kiwambo.

Hatua ya 5: Sehemu nyingine za mishipa

Marfan: aota yote hadi nyonga, angalau mara ya kwanza. Loeys-Dietz: kuanzia kichwani hadi nyonga, maana mishipa ya shingo, kichwa na tumbo nayo hujipinda na kutanuka. Ehlers-Danlos ya mishipa, nao ni ugonjwa wa kurithi wa tishu: hapa usitulizwe na kipenyo, mshipa unaweza kupasuka bila kutanuka kwanza, na epuka kabisa kuchoma ateri kwa uchunguzi tu.

Kwa kijana atakayepigwa picha kila mwaka, MRI ikipatikana ndiyo chaguo langu, kwa sababu haina mionzi na kwa shina si lazima kontrasti.

Hatua ya 6: Ripoti

Andika: mashine, wakati wa pigo, ndani kwa ndani au ukingo kwa ukingo, kilele kwa kilele au kilele kwa pembe, urefu, uzito, Z. Kisha fungua picha ya zamani uipime upya mwenyewe kwa namna hiyohiyo, usilinganishe karatasi kwa karatasi. Kwa Marfan, upasuaji kwa kawaida huzungumzwa shina likifika milimita 50, au 45 kama ukoo una historia ya kuchanika kwa aota au linakua milimita 3 na zaidi kwa mwaka. Loeys-Dietz huanza mapema zaidi. Ndiyo maana ile 46 iliitisha familia.

Ongeza mstari mmoja kwa daktari aliyemtuma: mgonjwa asiandikiwe ciprofloxacin wala antibiotiki nyingine za kundi lake kama kuna dawa nyingine. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu dawa hizo kwa watu wenye Marfan na Ehlers-Danlos. Kwenye maduka yetu ya dawa inanunuliwa kwa urahisi mno, kila tumbo likivuruga.

Hatua ya 7: Tarehe ya kurudi

Baada ya miezi 6, kisha kila mwaka kama haikui. Wazazi na ndugu wa tumbo moja nao wapigwe eko; kila mtoto wa mwenye Marfan ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithi.

Mama yule nilimwandikia 41 kwa kalamu juu ya bahasha, na chini yake namna nilivyopima. Daktari wao alimwanzishia kijana losartani, dawa ya kushusha presha, na kumkataza kubeba magunia ya nazi. Mdogo wake wa kike anakuja kupigwa eko Jumanne.