Baa ya nje msimu wa joto: anza kwa kutazama juu

Kazi yangu ni kuezeka. Mchana kutwa niko juu ya mabati hapa Dar, leo Tabata, kesho Mbezi, na miezi ya joto, kabla masika haijaingia, bati linaunguza kiganja. Kwa hiyo jioni nikitafuta pa kunywa bia siulizi kwanza muziki wala bei. Naangalia nitakaa chini ya nini.

Bati tupu lisilo na dari likimbie. Limeota jua tangu asubuhi, na saa kumi na mbili jioni bado linakushushia joto kichwani. Turubai ni afadhali kidogo, ila wakilishusha pembeni linaziba upepo. Makuti mazuri, yanapitisha hewa. Mwembe au mwarobaini wenye majani mengi unashinda vyote.

Jambo kubwa ambalo wengi hawalifikirii ni hili: kaa upande wa mashariki wa jengo. Jioni jua liko magharibi, kivuli kinaangukia mashariki. Na msimu huu upepo wa Dar ni kaskazi, unavuma kutoka kaskazini mashariki. Upande huo huo mmoja unakupa kivuli na upepo pamoja. Ukiwa Sinza au Kijitonyama, mashariki ni kule Oysterbay, baharini.

Hili nilijifunza Februari moja, nikiwa na shemeji yangu katika baa fulani Sinza. Tulikaa mbele, barabarani, mgongo kwenye ukuta uliopigwa na jua tangu adhuhuri. Ukuta ulikuwa kama jiko, jua la magharibi machoni, na bia ikapata uvuguvugu kabla ya kufika nusu. Tukamwomba mhudumu atuhamishie nyuma, karibu na kreti tupu. Hapakuwa na mandhari yoyote. Lakini tulipokaa tu, kitambaa cha meza kikaanza kupepea, shemeji akafungua kifungo cha shati na kushusha pumzi. Tulikaa pale mpaka saa nne.

Jiko la choma nalo lina upande wake. Kwa kuwa kaskazi inausukuma moshi kwenda kusini magharibi, usiweke kiti huko. Harufu ya kitimoto ni tamu, ila macho hayaivumilii saa tatu mfululizo.

Bia, agiza moja moja, hata mkiwa wanne. Chupa ya mililita 500 haikai baridi muda mrefu kwenye joto hili. Itazame ikitua mezani: ikitoka jasho mara moja, friji lao linafanya kazi. Ikibaki kavu, imeingizwa muda si mrefu; ni bora uhame kabla hujaagiza nyama. Maji pia agiza, mwili umeshatoka jasho jingi.

Kagua mbu kabla hujakaa. Dar ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huuma hasa mchana. Anazaliana kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo ukiona matairi au ndoo zenye maji nyuma ya kaunta, nenda baa nyingine.

Fika saa kumi na moja. Msimu huu jua linazama saa moja kasoro, na kufikia hapo zile meza za mashariki huwa zimeshachukuliwa.