Kuagiza fulana na zawadi zenye nembo ya kampuni ukiwa Kigoma

Waajiri wengi hukumbuka fulana za Mei Mosi mwezi wa Aprili ukiwa umeshafika katikati, wakati ambapo wachapaji wa Dar es Salaam wameelemewa na oda za nchi nzima. Mnunuzi aliyeko Kigoma ana mzigo wa ziada ambao mwenzake wa Kariakoo hana: bidhaa zikifika na kasoro, kuzirudisha kwa basi au kwa treni kupitia Tabora na kusubiri nyingine kunaweza kumaliza siku zote zilizobaki. Kwa sababu hiyo, kila jambo linaloweza kuleta ubishi limalizwe kabla ya malipo, kwa maandishi na kwa sampuli iliyoshikwa mkononi.

Kabla ya kuomba bei, amua ni nani atakayepokea bidhaa hiyo na ataitumia wapi. Mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi atautumia mwavuli au kofia muda mrefu kuliko kishikio cha funguo, ilhali mteja wa ofisini hupendelea shajara au kalenda, ambayo haina thamani ikimfikia mwezi Februari. Mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo anayetaka mifuko yenye nembo aagize ya kitambaa.

Kwa fulana, swali la kwanza ni uzito wa kitambaa, ambao hupimwa kwa gramu katika kila mita ya mraba na kuandikwa GSM. Fulana nyeupe ya gramu 140 huonyesha kilichovaliwa ndani, wakati ya gramu 180 hukaa vizuri mwilini na huvumilia kufuliwa. Mchapaji asiyeweza kukutajia uzito huo akutumie kipande cha kitambaa chenyewe.

Swali la pili ni njia ya uchapaji, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Katika uchapaji wa skrini kila rangi ya nembo huhitaji fremu yake yenye wavu wa kupitishia wino, kwa hiyo gharama ya maandalizi ni ileile ukichapa fulana 10 au 300; njia hii hufaa oda kubwa yenye rangi chache. Kwa oda ndogo, au nembo yenye rangi nyingi, filamu inayobandikwa kwa mashine ya joto huwa nafuu zaidi. Kudarizi hupendeza kwenye kofia na fulana za kola, lakini maneno madogo yaliyo chini ya nembo hujaa uzi yakawa hayasomeki, na ni heri yaondolewe. Usablimishaji, yaani kuhamishia wino kwenye kitambaa kwa joto, hushika kwenye poliesta ya rangi nyepesi wala haufai pamba, hata muuzaji akisema vinginevyo.

Nembo itumwe kama faili ya vekta, yaani mchoro unaoweza kukuzwa bila kupoteza ubora. Picha iliyopita WhatsApp hubanwa na kupoteza ubora, na ikikuzwa mgongoni mwa fulana kingo zake huonekana zenye ukungu. Taja pia namba ya kila rangi katika Pantone, orodha ya rangi inayotumiwa na wachapaji, kwa kuwa bluu ya simu yako si bluu ya kompyuta ya mchapaji.

Saizi zisikusanywe kwa kupitisha karatasi ofisini, maana watu huandika saizi waliyovaa kabla ya kunenepa. Herufi L pia hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Omba upana wa kifua na urefu kwa sentimita, au agiza fulana moja ya kila saizi watu wajaribu.

Omba profoma, yaani ankara ya makadirio ya bei, kwa wachapaji watatu, wote wakipewa maelezo yaleyale, na kila mmoja aoneshe bei ya moja, maandalizi, usafiri na tarehe ya kufikisha. Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, hutozwa na muuzaji aliyesajiliwa kwa kodi hiyo tu, na malipo yote yadaiwe risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kodi. Kwa oda ya vipande thelathini au arobaini, ningemchagua fundi wa hapohapo Kigoma, wa Mwanga au Ujiji, hata kama bei yake ya kipande iko juu, kwa kuwa unaweza kusimama mbele ya mashine yake.

Sampuli ikifika, ifue na kuianika juani, kisha ndipo uidhinishe kazi na kulipa malipo ya awali. Salio libaki hadi mzigo ukaguliwe. Ukiupokea stendi au stesheni, hesabu kwa kila saizi badala ya jumla, na piga picha za kasoro kabla ya kuondoka. Ongeza vipande vichache kwa ajili ya waajiriwa wapya, na mwombe mchapaji akutunzie fremu zako ili oda ijayo isitozwe maandalizi upya.