SOMO: Kupanga maktaba ya chuo watu wapige msuli humo, sio kuchaji simu tu

Habari wadau. Mimi nipo Mbeya, kazi yangu ni maktaba, na nimeshaitwa mara kadhaa na vyuo vya huku nyanda za juu kusaidia kupanga vyumba vyao upya. Kila nikifika nakuta kikao kimeshaanza na rangi ya ukuta na viti vya kuzunguka, mwanafunzi mwenyewe hajaulizwa kitu. Sasa twende.

Hatua ya 1: Kaa uangalie
Kabla hujaita fundi chukua daftari, kaa kona siku tatu, asubuhi, mchana na usiku, andika nani kakaa wapi anafanya nini. Mimi nilivyofanya hivi niliona meza ya watu sita inajaa kwa watu watatu, maana kila mtu begi lake liko kiti cha pembeni na hakuna anayetaka kugusana viwiko na mtu asiyemjua. Meza nzuri za katikati tupu, watu wamebanana ukutani, dada mmoja kakaa chini kwenye kitenge chake, laptopu mapajani, waya umepita chini ya rafu hadi kwenye soketi iliyowekwa kwa ajili ya mashine ya usafi. Hapo ndo nikajua chumba kile hakikuwa na shida ya viti hata kidogo.

Hatua ya 2: Umeme
Kila kiti kiwe na soketi, ukishindwa basi watu wawili soketi moja. Kama hela ya kuchimba sakafu haipo, sogeza meza ukutani uzungushe soketi huko, ekstensheni za kutambaa sakafuni achana nazo, mtu atajikwaa. Piga na hesabu: laptopu moja inakula kama wati 65, wakichaji watu 60 kwa pamoja hiyo ni karibu kilowati 4, fundi aijue mapema. Umeme ukikatika, sola na betri zibebe kwanza taa na ruta ya wifi, laptopu ina betri yake.

Hatua ya 3: Sauti (hapa ndo wengi wanaanguka)
Kelele ikae mlangoni, ukimya mwisho kabisa. Kaunta, printa na vyumba vya diskasheni viwe karibu na mlango, anayetaka kimya aende ndani au ghorofa ya juu, na asiwepo mtu wa kulazimika kupita katikati ya waliotulia ili akafike kwenye kundi lake.

Kuna chuo kimoja, sitaji jina, walijenga vyumba vinne vya diskasheni vya vioo, vimependeza kwelikweli, ikafika UE (mitihani ya mwisho wa muhula) malalamiko kila siku eti walio nje wanasikia kila kitu. Nikapanda ngazi nikatoa kipande cha siling bodi nikamulika na simu: kuta zote zimeishia kwenye siling, juu kweupe toka mwanzo wa jengo mpaka mwisho. Sauti inapanda, inavuka, inashuka kwa jirani. Ukuta wa chumba cha diskasheni lazima upande mpaka kwenye zege au mpaka chini ya bati, tena hili uliandike kwenye mkataba wa fundi maana ukiligundua baadaye unabomoa.

Halafu mabati. Mvua zetu zinaanza Novemba mpaka Aprili huko, na ikipiga kwenye bati tupu hata kuongea hamsikilizani. Weka siling, juu yake tandaza ile sufi ya kuzuia sauti, inasaidia na baridi pia.

Hatua ya 4: Mwanga na baridi
Madirisha makubwa yaangalie kaskazini na kusini. Ya mashariki na magharibi jua la asubuhi na jioni linaingia limelala, linapiga kwenye skrini, watu wanafunga mapazia halafu wanawasha taa mchana! Juni na Julai jua letu liko kaskazini, ndo maana upande huo unajaa kwanza, wa kusini utakuta mtu kavaa makoti mawili. Juu ya meza ya kusomea lenga lux 500 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), kuna programu za simu za kupimia, sio sahihi sana ila zinakupa picha.

Hatua ya 5: Njia
Kati ya rafu na rafu isipungue sm 90, wheelchair ipite. Rampu ni 1 kwa 12, yaani ngazi za sm 50 zinataka rampu ya mita 6. Na wekeni makabati ya mabegi yenye kufuli jamani, mtu hawezi kusoma akiwa na mawazo begi lake lipo salama au la.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, sisi tuna darasa moja tu la mita 7 kwa 9, watakaa wangapi?
Hizo ni mita 63 za mraba. Weka kama 2.5 kwa mtu pamoja na njia, unapata watu 25, na rafu zikiingia humo inapungua. Kila mtu apate meza ya sm 90 kwa 60. Ukiwabana 40 watakuja 20.

Si bora kujenga kama ile maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) ya 2018?
Ile ilipangwa kubeba vitabu laki nane ndugu yangu. Anza na ukuta wa diskasheni.

Kila mtu ana PDF kwenye simu, maktaba ya nini?
Nenda hosteli saa mbili usiku. Chumba watu sita, mmoja anapasi, mmoja anaangalia mpira, mmoja anagombana na mtu kwenye simu. Hiyo PDF ataisomea wapi?

Mbao za paina za Mafinga zinafaa kwa rafu? Chuma bei imetushinda.
Zinafaa zikiwa zimekauka vizuri na zimewekwa dawa. Ila ubao usizidi sm 90 bila nguzo, vitabu vya urefu huo ni kama kilo 30, ukirefusha unapinda kama bembea. Ziache na nafasi kidogo ukutani hewa ipite, hasa walio Tukuyu, ukungu wa kule haumwachi mtu.

Nafasi ukutani halafu si zitaanguka?
Unazishika kwa vyuma vya L juu, sm 5 toka ukutani inatosha. Tuko kwenye bonde la ufa, ardhi ikitikisika usije ukamwangushia mtu rafu nzima.