Somo: Kutafuta kitovu cha tetemeko la ardhi kwa vituo vitatu

Kila ardhi inapotikisika naulizwa swali lilelile: wamejuaje lilikoanzia? Naandika mara moja, wenye swali hilo waelekezwe hapa.

1. Tafuta michoro ya seismografu (mashine inayoandika mtikisiko wa ardhi) ya vituo vitatu visivyo kwenye mstari mmoja.

2. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili tutakayotumia, P na S. Tia alama mawimbi ya P yanapoanza. Hayo hufika kwanza. Ndani ya gamba la dunia hukimbia takriban kilomita 6 kwa sekunde.

3. Tia alama mawimbi ya S yanapoanza. Kazi nyingi huharibika hapa. S hufika wakati mchoro bado unatikisika kwa P, kwa hiyo mwanzo wake umejificha. USICHAGUE mstari mrefu kuliko yote: hicho ni kilele, si mwanzo. Angalia mchoro unapobadilika tabia, mitetemo ikirefuka ghafla na kuachana zaidi. S hutikisa ardhi kukingama na njia yake, hivyo huonekana vizuri zaidi kwenye michoro ya mtikisiko wa mlalo kuliko ya wima. Ukikosea sekunde moja tu, umepotea kilomita 8.

4. Toa saa ya P kwenye saa ya S, zidisha sekunde kwa 8. Sekunde 15 ni kilomita 120 hivi. Hesabu hii ni ya matetemeko ya karibu, kilomita mia chache. Ya mbali yana majedwali yake.

5. Kwa kila kituo chora kwenye ramani duara lenye nusukipenyo sawa na umbali uliopata, kituo kikiwa katikati. Yanapokutana ndipo kilipo kitovu.

MASWALI

— Mkuu, nina kituo kimoja tu. Nipe kitovu haraka.
— Soma hatua ya 1. Kwa njia hii kituo kimoja kinakupa umbali, hakikupi upande.

— Maduara yangu yanaacha kipembetatu katikati. Nimekosea?
— Si lazima, ndugu. Ulichopima ni umbali hadi kiini, mahali tetemeko lilipoanzia chini ardhini, siyo hadi kitovu kilicho juu yake. Kiini kikiwa kina cha kilomita 30, kituo kilicho kilomita 40 kutoka kitovu kitakupa 50. Vituo vya karibu ndivyo huathirika zaidi. Kipembetatu kikiwa kikubwa mno, rudi hatua ya 3.

— Naweza kujua kama ni ufa au ni volkano?
— Swali zuri sana. Maduara hayatoshi, fuatilia mfululizo wa matetemeko. Miamba iliyokwama kwenye ufa ikiachia, kwa kawaida hutangulia tetemeko kubwa, kisha madogo yanayopungua siku hadi siku. Magma (mwamba ulioyeyuka) inapopenya huja kundi la matetemeko, na vitovu huhama kadiri inavyosonga. Ila mambo haya huchanganyika. Julai 2007, karibu na mlima Gelai, Tanzania, magma ilipenya chini na nyufa zikateleza. Tetemeko kubwa zaidi lilifika ukubwa wa 5.9. Septemba, volkano jirani ya Oldoinyo Lengai ikalipuka kwa nguvu.

— Saa ya kituo kimoja ikiwa mbovu?
— Umbali haudhuriki, maana unatoa saa ya kituo kilekile. Ukitaka kuikamata, fanya kama Kiyoo Wadati, mtaalamu wa matetemeko wa Japani: panga kwenye grafu saa ya P dhidi ya tofauti ya S na P kwa vituo vyote. Nukta hukaa karibu na mstari mmoja, na mstari unapogusa tofauti ya sifuri ndiyo saa tetemeko lilipoanza. Kituo chenye saa mbovu kitakaa nje ya mstari.