Kubadili kulanti bila kuiachia injini hewa

Jumamosi iliyopita shemeji alinijia na Vitz yake akilalamika kwamba inachemsha kila ikikwama kwenye foleni. Fundi wa kwanza alimwambia rejeta, ile inayopoza maji ya injini, imeziba. Wa pili akaing'oa themostati, kile kimlango kinachofunguka maji yakipata moto, na kumkabidhi mkononi kama jino bovu. Wa tatu akamuungia feni dairekti, iwe inazunguka muda wote. Gari ikaendelea kuchemsha. Nilipofungua mfuniko wa rejeta nikakuta maji ya rangi ya matope, na shingoni ukoko kama wa sufuria ya wali. Tulishughulika nayo mpaka saa tisa alasiri. Naandika tulivyobadili kulanti, yaani maji ya dawa ya kupozea injini, kwa sababu namjua shemeji, atasahau.

Hatua ya 1: Iache ipoe

Usifungue mfuniko gari ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa, hata kama fundi wako hufanya hivyo kila siku. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini ndani ya rejeta mfuniko unayabana, yanafika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Kwenye mifuniko ya Toyota ndogo utaona namba 0.9 au 1.1, ndicho kipimo cha huo mbano. Sasa ukifungua, mbano unaondoka, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke palepale na kukurukia usoni.

Mimi kazi hii naifanya asubuhi, gari ikiwa imelala. Kama huwezi kungoja hivyo, minya hozi ya juu. Ikiwa bado ngumu au ina uvuguvugu, rudi ukanywe chai. Chomoa pia waya wa hasi wa betri, kwa sababu kwenye baadhi ya magari feni huweza kuwaka yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa, na vidole vyako vitakuwa karibu nayo.

Hatua ya 2: Vitu vya kuandaa

Plaizi, karai, chupa ya maji iliyokatwa kitako iwe faneli, na madumu mawili ya lita tano uliyoyachora mstari kwa kila nusu lita. Hayo madumu watu huyadharau. Usiyadharau, utaona mbele.

Kulanti nanunua iliyokwisha kuchanganywa. Ile nzito ni nafuu ukipiga hesabu, ila inataka uichanganye nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, na hapo ndipo watu huchukua maji ya kisima yenye chumvi na kuiharibu. Ukilazimika kuchanganya, nunua maji ya betri. Sema vizuri dukani: maji ya betri, si maji makali. Maji makali ni asidi.

Rangi isikudanganye. Kijani, nyekundu na pinki ni rangi tu za kiwanda, na kampuni mbili zinaweza kutumia rangi moja kwa dawa tofauti. Soma kopo linasema inafaa injini zipi, na usichanganye aina mbili, nyingine zikikutana hufanya ute. Na kama unajiuliza kulanti ya nini wakati huku kwetu hakuna barafu, kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Huku tunaihitaji kwa kuzuia kutu na kwa kuchelewa kuchemka.

Hatua ya 3: Mwaga

Gari iwe pahali tambarare, kabari nyuma ya tairi. Plagi ya plastiki iko chini ya rejeta, ifungue kwa mkono, kisha fungua mfuniko ili hewa iingie na maji yatoke kwa kasi. Yakiisha, yapime kwenye dumu na uandike.

Kulanti ya zamani usiimwage uani. Ni sumu yenye ladha tamu, mbwa na mbuzi huinywa, na hiyo nyekundu ukiiweka kwenye chupa ya maji haina tofauti na juisi ya rosela. Una watoto nyumbani? Basi iingie kwenye dumu chafu la oili, liandikwe SUMU, na lisilale ndani ya geti lako hata usiku mmoja.

Hatua ya 4: Suuza

Jaza maji safi, rudisha waya wa betri, washa mpaka injini ipate moto, zima, chomoa waya tena, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Kwa shemeji tulirudia mara nne, na huko kusubiri ipoe ndiko kulikotula siku nzima. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya betri, maana kuna maji hubaki ndani ya bloku, ule mwili wa injini, ambayo plagi ya rejeta haiyafikii. Bloku nyingi zina nati yake ya kumwagia. Ukiifikia, ifungue.

Sabuni ya unga, magadi na dawa za kuzibulia sinki sizitaki kabisa. Rejeta za siku hizi ni alumini, na vitu hivyo huila.

Hatua ya 5: Mfuniko, hozi, themostati

Mfuniko una raba mbili na kivalvu kidogo katikati. Raba ikiwa imepasuka, nunua mwingine wenye namba ileile. Kile kivalvu kazi yake ni kuruhusu maji yarudi kutoka kwenye kidumu cha akiba injini inapopoa. Kikikwama, asubuhi utakuta hozi ya juu imebonyea kama mrija uliofyonzwa na mtoto. Watu hununua hozi mpya, kumbe mbovu ni mfuniko.

Hozi ziminye karibu na klipu. Ikiwa laini kama chapati au inalia kama karatasi, badilisha.

Themostati, irudishe. Najua hapa nitagombana na mafundi. Ikiondolewa, injini haifikii joto lake, inakula mafuta na kuchakaa. Na kwenye injini nyingi, sahani ya nyuma ya themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, njia inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Mtu ameing'oa ili isichemshe, akipandisha mlima inachemsha. Kuipima ni rahisi: iweke kwenye sufuria ya maji jikoni na uongeze moto. Ya Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Isipofunguka mpaka maji yanatokota, tupa. Unapoifunga, kale kapini kanakochezacheza kawe juu. Ni ka kupitishia hewa, na hewa ndiyo habari ya hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Jaza, kisha toa hewa

Hapa ndipo nilipolipa ada. Miaka kadhaa nyuma nilibadili kulanti ya Corolla yangu Morogoro, nikajaza mpaka mdomoni, nikafunga, kesho yake safari ya Iringa. Mpaka Mikumi mshale umetulia. Ruaha Mbuyuni nikanunua vitunguu. Tulipoanza kupanda Kitonga nyuma ya lori, mshale ukapanda, ukashuka ghafla, ukapanda tena. Nikasimama. Nikangoja zaidi ya saa nzima, nikafungua: maji yamejaa. Nikafunga, nikaenda kona mbili, ikarudia. Tulifika juu jua linazama, na mke wangu alikuwa ameacha kuongea na mimi tangu kona ya tatu.

Maji hayakuwa yamejaa. Nilikuwa nimemwaga lita nne na kurudisha mbili na nusu. Nafasi ya lita moja na nusu ilikuwa ya hewa, imejibana juu kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini, na yale niliyokuwa nayaona mdomoni yalikuwa ya rejeta peke yake. Hewa haibebi joto kama maji. Mbaya zaidi, kihisi cha joto kikizungukwa na hewa badala ya maji hudanganya, ndiyo maana mshale ulikuwa unashuka wakati injini inaungua.

Kwa hiyo hesabu ni hii: kiasi kilichotoka ndicho kirudi. Usiamini macho, amini dumu.

Tunafanyaje? Rudisha waya wa betri. Gari ielekee mlimani, au pandisha tairi za mbele juu ya matofali imara, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko kila kitu. Kabari nyuma, breki ya mkono juu. Washa hita ya ndani mpaka mwisho wa moto, feni yake polepole. Watu hucheka ukiwaambia wawashe hita Dar es Salaam, lakini rejeta ndogo ya hita huficha hewa, na kwenye magari mengi njia yake haifunguki mpaka ugeuze swichi. Mimina taratibu, ukiminya hozi ya juu na ya chini kama unayemkanda mtu mguu. Utasikia bwabwabwa, kiwango kinashuka, ongeza.

Kisha washa, mfuniko ukiwa wazi, iache kwenye sailensa, iungurume bila kukanyaga mafuta. Usiegemeze uso pale mdomoni. Simama pembeni, na watoto wasiwe karibu. Mapovu yatatoka, kiwango kitashuka, ongeza kidogo kidogo. Baada ya dakika kumi, kumi na tano, gusa hozi zote mbili. Ile iliyokuwa baridi ikipata moto ghafla, themostati imefunguka, na hapo kiwango hushuka tena kwa kishindo. Wengi hufunga mfuniko kabla ya dakika hiyo. Mimi Morogoro nilifunga kabla. Piga resi ya taratibu mara tatu nne, ongeza, subiri mapovu yaishe na hita ipulize moto wa kweli. Hita ikipuliza baridi wakati injini ina moto, bado kuna hewa. Maji yakianza kufura kutaka kumwagika, zima, iache ipoe kabisa, uanze tena.

Mapovu yasipoisha hata baada ya nusu saa, yanakuja mfululizo kama soda, acha. Hiyo si hewa ya kujazia, ni moshi wa silinda unaopenya gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati yake na bloku. Chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena, mwite fundi mwenye mashine. Lakini oili ikiwa safi isikutulize, gasketi huweza kupasuka bila maji kuingia kwenye oili.

Vitz ya shemeji ilitoa lita tatu na nusu. Mara ya kwanza iliingia mbili na robo. "Shemeji, imejaa, inatosha," akasema. Nikamwonyesha dumu.

Hatua ya 7: Feni

Rudisha nyaya zake kama zilivyotoka kiwandani. Washa AC, feni iwake. Zima AC, acha gari isimame ikiunguruma mpaka feni iwake yenyewe na kuzima yenyewe, mara mbili. Ya shemeji haikuwaka, ikawa ni relei tu, ile swichi ya umeme inayoiwasha.

Ikikuchemkia njiani

Zima AC, washa hita mpaka mwisho, toka barabarani. Mvuke ukitoka au taa nyekundu ikiwaka, zima injini. Vitz nyingi hazina mshale, zina taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu ikiwaka umeshachelewa. Usimwagie injini maji ya baridi wala usiyajaze ndani ikiwa ya moto, silinda hedi itapinda au kupasuka. Kaa kivulini, subiri.

Asubuhi tatu zinazofuata, kabla ya kuwasha, angalia kidumu cha akiba na uongeze mpaka mstari wa juu. Siku ya kwanza kitashuka kidogo, ni kawaida. Ya shemeji ilishuka kidole kimoja Jumapili, Jumatatu ikabaki palepale, na leo amenitumia picha nyingine, mstari haujasogea.