Kuchora sura ya mteja kwa penseli kutoka picha ya simu

Wateja wengi wa Nairobi hawana nafasi ya kukaa kitini wachorwe. Wanatuma picha kwa WhatsApp, wanauliza bei, na harusi ni Jumamosi ijayo. Basi kazi huanzia kwenye picha hiyo.

1. Kagua picha
WhatsApp huibana picha, kwa hiyo mwambie mteja aitume kama faili. Ikuze: kama ukingo wa kope hauonekani, omba nyingine. Nzuri ni ile yenye mwanga wa upande mmoja, kama wa dirishani. Flashi ya simu huufanya uso uwe bapa, na selfi ya karibu hukuza pua.

Picha za marehemu ni ngumu zaidi. Familia huleta ya kitambulisho, au iliyokatwa kwenye ratiba ya mazishi. Ipokee, lakini omba na nyingine zozote, hata zenye ukungu, uone alivyocheka na nywele zake zilianzia wapi. Sikio likikosekana, waulize watoto wake. Usibuni.

2. Malipo
Nusu kwa M-Pesa kabla ya kuanza. Ukubwa, tarehe na nani analipia fremu, yote yawe kwenye ujumbe. Binamu naye hulipa.

3. Piga miraba
Chapisha picha kwenye saiba kwa ukubwa wa A5, uchore kwenye A3. A3 ni A5 mara mbili kila upande, kwa hiyo mraba wa sentimita 2 kwenye picha unakuwa wa 4 kwenye karatasi. Tumia penseli ya HB, yenye ugumu wa wastani (namba ya B ikipanda, penseli ni laini na nyeusi zaidi), mkono mwepesi, maana alama ya kukandamiza haifutiki. Hamisha mistari mraba kwa mraba, kisha geuza picha na mchoro juu chini. Jicho lililopanda litajionyesha.

4. Weka kivuli
Hapa ndipo sura hufanana au hupotea. Anayeanza akipewa uso wa ngozi nyeusi huupaka wote kwa 6B, na mteja analalamika kwamba amegeuzwa kivuli. Tafuta mwanga kwanza: paji la uso, ncha ya pua, juu ya mashavu, mdomo wa chini. Ngozi nyeusi hung'aa kwa ukali, na weusi wake unaonekana kwa sababu ya mng'ao huo. Acha sehemu hizo, paka kwingine kijivu cha wastani kwa 2B, kisha shuka taratibu hadi 4B na 6B.

Nywele na mboni nazipaka kwa penseli ya makaa. Penseli ya kawaida ikikolea hung'aa kama sufuria, lakini makaa hubaki meusi tii. Tatizo ni kwamba makaa hayashiki vizuri juu ya penseli, kwa hiyo sehemu hizo ziache safi tangu mwanzo. Usisambaze kivuli kwa kidole, mafuta ya ngozi huacha madoa. Tumia brashi laini au tishu. Na meno usiyatenganishe kwa mistari. Weka kivuli kidogo karibu na ufizi, basi.

5. Kukabidhi
Mpigie mteja picha ya mchoro kabla hujatia sahihi, arekebishe anachotaka. Kisha puliza dawa ya kushikilia vumbi la penseli, nje penye hewa. Wengi hutumia spreyi ya nywele kwa kuwa ni rahisi, lakini inaweza kuifanya karatasi iwe njano baadaye. Kama unapanda matatu, bana mchoro katikati ya kadibodi mbili ngumu, na usitoke nyumbani kabla salio halijaingia.