Kupima musini katika tishu za saratani ya utumbo mpana bila kudanganywa na sukari

Ute unaofunika ukuta wa ndani wa utumbo mpana umejengwa hasa na protini moja, MUC2, ambayo ni mojawapo ya musini, yaani protini za ute. Hutengenezwa na seli gobleti, zile zenye umbo la kikombe zilizojipanga ndani ya vishimo vya utando. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 11, eneo la 11p15.5, jirani na jeni za musini nyingine: MUC5AC, MUC5B na MUC6. Sehemu kubwa ya uzito wa MUC2 iliyokomaa, takriban asilimia 80, ni sukari: minyororo mingi iliyoshikizwa kwenye asidi amino za serini na threonini. Sukari hiyo ndiyo inayowakosesha watafiti wengi majibu sahihi.

Anayesema "nimepima MUC2" anaweza kuwa amepima kitu kimoja kati ya vitatu: mRNA ya jeni (nakala inayotumika kujenga protini), uti wa protini (mnyororo wa asidi amino wenyewe), au sukari iliyo juu yake. Kwenye saratani vitu hivi havitembei pamoja. Adenokasinoma (saratani ya seli za tezi) ya kawaida mara nyingi hupoteza MUC2. Ile ya ute, ambayo ute ulio nje ya seli umeshika zaidi ya nusu ya uvimbe, huendelea kuitengeneza kwa wingi. MUC5AC, ambayo makazi yake ni tumbo na njia ya hewa, huibuka pale isipotarajiwa, hasa kwenye vinyama vyenye kingo kama meno ya msumeno na kwenye saratani ambazo maikrosatelaiti zake (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) hazikutulia. Minyororo ya sukari nayo hukatizwa ikabaki vipande vifupi vinavyoitwa Tn, T na sialili-Tn (Tn yenye asidi ya siali, aina ya sukari yenye asidi). Amua mapema unatafuta kipi kati ya vitatu hivyo, kwa sababu hata namna ya kuhifadhi tishu inategemea uamuzi huo. Kibali cha maadili kitangulie sampuli ya kwanza. Tanzania maombi hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Kenya utahitaji idhini ya kamati ya maadili ya taasisi pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Kuhifadhi tishu

Kwa kazi ya kawaida tumia fomalini iliyowekewa bafa. Kwa lita moja, changanya mililita 100 za fomalini ya dukani (asilimia 37 hadi 40) na mililita 900 za maji yaliyokenekwa, kisha ongeza gramu 4 za fosfati ya sodiamu yenye sodiamu moja na gramu 6.5 za ile yenye sodiamu mbili isiyo na maji. Ujazo wa fomalini uwe angalau mara kumi ya tishu. Kata vipande visivyozidi unene wa milimita 4, viingie kwenye fomalini ndani ya saa moja baada ya upasuaji, vikae saa 24. Fomalini isiyo na bafa hugeuka tindikali na kuacha chembechembe za kahawia zinazokaribia weusi juu ya tishu. Chembechembe hizo zinafanana mno na DAB, rangi ya kahawia inayoonyesha mahali kingamwili iliposhika, na zimewahi kuhesabiwa kama seli chanya.

Fomalini ina maji, nayo husinyaza tabaka la ute hadi lisionekane. Ukitaka kupima unene wa ute, au umbali kati ya bakteria na seli, tumia mchanganyiko wa Carnoy: ethanoli kavu asilimia 60, klorofomu 30, asidi asetiki isiyo na maji 10. Usisuuze kipande kabla ya kukizamisha, maana ute wenyewe ndio sampuli. Baada ya hapo kiende moja kwa moja kwenye alkoholi kavu, kisiguse maji. Fanya kazi hii ndani ya kabati la kufyonza hewa, na utumie chupa ya kioo, kwani klorofomu huyeyusha vyombo vya plastiki ya polistireni.

Bluu ya Alcian na PAS

Anza na rangi hizi mbili (PAS ni asidi ya periodi ikifuatwa na kitendanishi cha Schiff) hata kama lengo lako ni kingamwili. Gharama ni ndogo, na utaona mara moja ute uko wapi na ni wa aina gani. Yeyusha gramu 1 ya bluu ya Alcian 8GX katika mililita 100 za asidi asetiki ya asilimia 3, hakikisha pH ni 2.5, kisha chuja.

1. Ondoa parafini, rudisha tishu hadi kwenye maji, kisha iache kwenye asidi asetiki ya asilimia 3 kwa dakika 3.
2. Bluu ya Alcian, dakika 30. Suuza kwa maji yanayotiririka.
3. Asidi ya periodi ya asilimia 0.5, dakika 5 hadi 10. Suuza kwa maji yaliyokenekwa.
4. Kitendanishi cha Schiff, dakika 15. Suuza kwa maji ya bomba ya uvuguvugu kwa dakika 10. Hapo ndipo rangi hukolea.
5. Hematoksilini nyepesi, alkoholi, zailini, kifuniko.

Musini zenye asidi huwa bluu, zisizo na asidi huwa za waridi iliyokolea, na mchanganyiko huwa zambarau. Ukibadilisha mpangilio, ukaanza na PAS, musini zenye asidi ambazo nazo huitikia PAS zitakuwa zimeshavaa waridi. Andaa slaidi ya pili iliyotibiwa kwa diastasi, kimeng'enya kinachovunja glaikojeni, ili glaikojeni isijifanye musini. Kitendanishi cha Schiff hupoteza nguvu kikikaa: dondosha matone machache ndani ya mililita 10 za fomalini. Kikiwa kizima, waridi hutokea haraka. Kikichelewa na kuelekea bluu, kimwage.

Kutafuta musini zenye salfati peke yake, yeyusha rangi hiyo hiyo katika asidi ya haidrokloriki ya 0.1 N, pH 1.0. Baada ya hatua hii usisuuze kwa maji. Kausha slaidi kwa karatasi ya kuchujia, kwa sababu maji hupandisha pH papo hapo na rangi huanza kushika visivyohusika. Kosa hili dogo huharibu slaidi nyingi. Utando wa kawaida wa utumbo mpana una salfati kwa wingi. Karibu na saratani huelekea kupungua huku asidi za siali zikiongezeka. Iko njia ya zamani ya diamini na chuma inayozitofautisha vizuri zaidi, lakini diamini zake ni sumu. Pasipo kabati nzuri na utaratibu wa kutupa taka, iacheni.

Kingamwili dhidi ya MUC2 na MUC5AC

Kata mikrometa 3 hadi 4 kwenye slaidi zenye chaji. Uvimbe wenye madimbwi ya ute huchomoka kwa urahisi, hivyo kausha kwa 37 °C usiku kucha, halafu 60 °C kwa saa moja. Ondoa parafini, kisha fichua antijeni (sehemu ya protini inayoshikwa na kingamwili) katika bafa ya sitrati ya milimola 10, pH 6.0, kwa 95 hadi 98 °C, dakika 20, na iache ipoe dakika 20 nyingine ndani ya bafa. Tumia bafu la maji. Mchemko wa mapovu hung'oa tishu. Nairobi, iliyo mita takriban 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na 94 °C, kwa hiyo muda wa kitabuni hautoshi. Jaribu dakika 20, 30 na 40 kwenye tishu ya kawaida, uchague ule unaoonyesha seli gobleti bila kuchakaza viini.

Endelea na peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3 kwa dakika 10, kizuizi cha protini dakika 10, kisha kingamwili ya kwanza kwa saa moja kwenye joto la chumba au usiku kucha kwa 4 °C. Kwa MUC2, kloni (aina mahususi ya kingamwili) Ccp58 ndiyo inayotumika sana. Kwa MUC5AC, 45M1 au CLH2. Anza na uzimuaji wa 1:50, 1:100 na 1:200. Osha mara tatu kwa bafa ya Tris yenye Tween, weka polima yenye peroksidasi dakika 30, DAB dakika 5, hematoksilini. Tishu isikauke hata sekunde moja kuanzia kuondoa parafini hadi kifuniko. Ikikauka, kingo zake hubeba rangi ya uongo.

Kuhusu Ccp58, tulia kidogo. Ilitengenezwa dhidi ya sehemu ya MUC2 inayojirudia-rudia, ambako minyororo ya sukari hushikizwa. Protini changa, ambayo bado haijavishwa, hushikwa vizuri; iliyokomaa huwa imejificha chini ya sukari. Ndiyo maana rangi mara nyingi hukaa karibu na kiini huku kifuko cha ute cha seli hiyo hiyo kikiwa cheupe. Slaidi haina hitilafu. Ila usiandike kwamba "MUC2 haipo kwenye ute" kwa ushahidi huo. Tafuta kingamwili inayoshika ncha za protini, nje ya eneo linalojirudia.

Udhibiti: utumbo mpana wa kawaida kwa MUC2, utando wa tumbo kwa MUC5AC, na slaidi moja isiyowekewa kingamwili ya kwanza. Kata sehemu inayobeba uvimbe pamoja na utando wa kawaida. Seli gobleti za pembeni zisiposhika MUC2, slaidi nzima haisomeki, hata kama uvimbe unaonekana hasi kabisa.

Sialili-Tn na kifuniko chake

Utando wa kawaida mara nyingi husomeka hasi kwa sialili-Tn, na saratani chanya. Wepesi wa kusema "imezaliwa na saratani" ndipo unapokuja. Sehemu ya tofauti hiyo ni kifuniko: asidi ya siali ya utumbo mpana wa kawaida hubeba vikundi vya asetili vinavyoizuia kingamwili, na saratani huvipoteza. Kifuniko hicho hicho hudhoofisha PAS na huzuia kimeng'enya cha sialidasi kufanya kazi. Chukua slaidi pacha, iache kwenye haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 0.5 ndani ya ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika 30, suuza taratibu, kisha endelea na kingamwili. Utando wa kawaida ukigeuka chanya, kilichobadilika ni asetili. Alkali hulegeza tishu kwenye kioo, hivyo andaa slaidi mbili za akiba kwa kila sampuli.

mRNA

Weka praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha uzidishaji wa PCR) nje ya maeneo yanayojirudia. Kipande cha kujirudia cha MUC1 kina herufi 60 za DNA, cha MUC2 kina 69, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mtu na mtu. Praima ikitua humo, utapata ukungu kwenye jeli. Kwa tishu ya parafini, kipande cha kuzidisha kisizidi herufi 100 hivi. Tumia angalau jeni mbili za marejeo, wala usitegemee GAPDH peke yake, kwa kuwa saratani huibadilisha. Kushuka kwa MUC2 kunaweza kumaanisha tu kwamba seli gobleti ni chache. Chonga eneo la uvimbe kutoka kwenye slaidi chini ya darubini kabla ya kutoa RNA, kisha linganisha na slaidi ya kingamwili.

Kusoma matokeo

Hesabu seli, si madimbwi. Ute uliomwagika nje hunyonya rangi na hupandisha alama bure. Andika asilimia ya seli chanya na ukali wa rangi kuanzia 0 hadi 3, na kiwango cha kuita "chanya" kiwekwe kabla ya slaidi ya kwanza kusomwa. Wasomaji wawe wawili, wasijue hali ya mgonjwa, na ulinganifu wao upimwe kwa kapa ya Cohen. Musini hukaa kwa mabaka. Ukitumia vijisilinda vya tishu vyenye kipenyo cha milimita 1, toa angalau vitatu kwa kila uvimbe, vikiwemo vya katikati na vya ukingo unaopenya. Kwenye daftari andika kloni, namba ya toleo, uzimuaji, halijoto na dakika za kufichua antijeni, pamoja na saa ambazo kila kipande kilikaa kwenye fomalini.